Mtu Aliyeishi kwa Jina la Mume Wangu

Kwa miaka thelathini na nne niliwachoresha wasichana wa Palashjora ramani ya mji wao: reli kaskazini, mto Damodar kusini, katikati mashimo matatu ya makaa ya mawe, mawili yakiwa yamefungwa, na barabara moja inayotoka stendi ya mabasi hadi Asansol. Wakishamaliza kuchora niliwaambia waandike pembeni idadi ya wakazi. Katika hesabu ya mwisho ya serikali tulikuwa watu elfu kumi na moja mia nne na sita. Nilimsahihishia kwa wino mwekundu aliyekosea hata mtu mmoja, na mimi mwenyewe nilijua kuwa hesabu ile ilikuwa na kasoro nyumbani kwetu. Humo walikuwamo akina Bhuban Hazra wawili, baba mmoja, mama mmoja. Nibaran Hazra hakuwamo kabisa.

Naandika habari za huyo Nibaran kwa sababu zinasemwa vibaya sasa, na zinaposemwa hutajwa nyumba yetu. Afadhali ziandikwe na mwenye nyumba.

Nibaran ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ni mtu mfupi, ana alama ya buluu kwenye paji la uso mahali makaa yalipoingia chini ya ngozi, na anatembea ameinamisha shingo kama mtu ambaye dari bado liko juu ya kichwa chake. Mwaka 1974 mgodi ulichukua shamba la baba mkwe ili kupitisha reli ya kubebea makaa. Kama fidia nyumba ilipewa kazi moja ya chini ya ardhi, ikaandikwa kwa jina la mtoto mkubwa. Mwezi uleule mtoto mkubwa akapata nafasi katika chuo cha ualimu. Baba mkwe hakutaka kupoteza hata kimoja. Akamwita mdogo, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, akamwambia, "Kesho kule shimoni wakiita Bhuban, itika."

Akaitika kwa miaka ishirini na tano. Kadi ya kazi, kadi ya kura, kadi ya chakula, zote zilimwita Bhuban. Wachimbaji wenzake walijua, lakini wengi wao nao walikuwa wameshuka kwa majina ya binamu na wajomba, kwa hiyo hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole. Mume wangu alifundisha hesabu shule ya wavulana kwa jina lilelile, na mimi nilipoolewa, mama mkwe alinieleza jambo hilo siku ya tatu, akikaanga samaki, kama mtu anayemwonyesha bibi harusi mahali chumvi inapowekwa.

Mara moja tu Nibaran aliposewa mke. Baba wa msichana alikuja kutoka Purulia, akanywa chai, akala peremende, akauliza maswali mawili matatu pale stendi kabla ya kupanda basi. Alirudi mlangoni amekasirika. "Binti yangu nitamwoza kwa jina la nani?" alisema. "La huyu au la mwalimu?" Nibaran hakuposa tena. Alikaa peke yake Safu Saba, kwenye nyumba za wachimbaji, nambari kumi na nne.

Shimo namba mbili lilipofungwa, chama cha wenye mabasi kilimpa kibanda cha bati pale stendi. Kazi yake ilikuwa kuandika saa ya kila basi dogo linalotoka na kupuliza filimbi, moja kila baada ya dakika kumi na mbili, ili madereva wasigombanie abiria. Huko hakuitwa Bhuban wala Nibaran. Aliitwa Bwana Saa.

"Bwana Saa, ngoja kidogo, abiria wangu bado wanakunywa chai!" dereva alikuwa akipiga kelele.

"Wanywe. Mimi nimeandika tisa na kumi. Toka!"

"Dakika moja tu, babu yangu."

"Mimi babu yako? Ningekuwa babu yako ungejua kuendesha gari. Toka!"

Sijapata kusikia kuwa alimcheleweshea mtu basi, hata mimi.

Mume wangu alifariki Februari 2013. Nikaenda mwenyewe ofisi ya mji kuandikisha kifo. Karani aliuliza jina la marehemu, nami nikamwandikia kwenye karatasi. Hapa kwetu mwanamke halitamki jina la mumewe. Nina shahada ya chuo kikuu, na kwa miaka thelathini na mitano nilisema "baba yake Tuli" kama mwanamke yeyote wa Safu Saba. Kuliandika si kosa. Karani akaandika jina, akaandika na jina la baba wa marehemu, akapiga muhuri, nikarudi nyumbani.

Desemba mwaka huo orodha ya kuhama ilibandikwa ukutani kwenye klabu ya mpira. Safu Saba yote ilikuwa inazama. Moto uliobaki kwenye mashimo ya zamani ulikuwa unatambaa chini yake. Sakafu zilikuwa na joto la kukausha nguo, na katika ukuta wa Nibaran ufa ulikuwa umefikia kupitisha mkono. Kabla ya mvua nyumba zote zingebomolewa, na kila aliyeandikwa angepewa chumba katika majengo mapya. Ambaye hakuandikwa angepewa siku thelathini za kutafuta pa kwenda.

Nibaran alikuja kwangu asubuhi, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Shemeji, nimekufa," akasema huku akicheka.

"Unasema nini?"

"Nimekufa tangu Februari. Nambari kumi na nne, Bhuban Hazra, mstari mwekundu, amefariki. Jirani yangu Lokkhi ananiuliza chakula cha msiba wangu ni lini, aje na watoto."

Nilielewa kabla hajamaliza. Nyumba yetu ya barabara ya shule haimo katika eneo la hatari, kwa hiyo Bhuban mwenye baba yule alikuwa mmoja tu katika orodha. Cheti nilichokwenda kukitafuta mwenyewe kilikuwa kimemwua aliye hai.

"Kutakuwa na baraza Jumatano, uwanjani," alisema. "Uwaambie tu kwamba aliyekufa ni kaka, na mimi ndiye wa nambari kumi na nne."

"Nikisema hivyo, shemeji, itabidi niseme na lile lingine."

Aliacha kucheka. "Ndiyo," alisema. "Na lile lingine."

Siku zile picha ya mume wangu ilitundikwa katika ofisi ya shule ya wavulana, na shada jipya kila mwezi. Watu walimkumbuka kwa ukali wake. Mwaka mmoja alimfukuza mvulana aliyeingia kumfanyia rafiki yake mtihani, na baba wa mvulana alipopiga magoti, alimwambia kuwa jina la mtu si koti la kuazimana. Nilikuwepo. Nilijivunia maneno yale, na usiku wa Jumanne niliyakumbuka neno kwa neno.

Baraza lilifanyika chini ya turubai. Ofisa alikuwa kijana kutoka Kolkata, Bwana Pramanik, mwenye shati safi na mafua. Watu wa Safu Saba walikaa chini kwenye majani. Mimi niliwekewa kiti. Zamu ya nambari kumi na nne ilipofika, aliangalia karatasi zake.

"Mama, wewe ndiye uliyeandikisha kifo hiki?"

"Ndiyo."

"Mume wako alikuwa nani? Sema kwa sauti, karani aandike."

Nyuma yangu wanawake wakaangua kicheko.

"Bwana mkubwa, unamwaibisha mwalimu wetu!" Lokkhi alipaza sauti. "Mtafutie mwanamume amtajie! Mkeo mwenyewe hukuita jina?"

"Mke wangu huniita kwa simu," ofisa alijibu, na watu wakacheka zaidi. Aliona haya kidogo, akajifuta pua. "Sawa. Nisamehe, mama. Basi niambie hili tu: huyu mzee aliyesimama hapa ni nani?"

Hilo halikuwa na mwiko wowote. Ningeweza kusema: huyu ni Nibaran, ameishi kwenye nyumba hiyo miaka arobaini kwa jina la mume wangu. Nilivuta ncha ya sari mbele ya uso. Wote waliniona mjane mwenye adabu. Haikuwa adabu.

Nibaran alinitazama, halafu akamgeukia ofisa. "Mimi ni mdogo wa marehemu, bwana. Nilikuwa nakaa naye tu."

"Una kadi?"

"Sina kadi."

"Mkazi asiye na kadi," alisema Bwana Pramanik, na karani akaandika. "Nambari kumi na tano."

Jumapili iliyofuata Nibaran hakuja kula kwangu kama kawaida yake. Wala ya pili yake. Siku ya kumi na mbili nilikaa mezani, nikaandika barua ya kurasa tatu kwa mwandiko wangu wa ubaoni, nikaeleza kazi ya 1974, kadi, na cheti. Niliandika jina la mume wangu mara kumi na moja. Kisha nikaenda stendi ili dereva aipeleke ofisi ya Asansol, na hakukuwa na njia ya kufika kwenye basi bila kupita kibanda cha bati.

Nibaran alisoma anwani juu ya bahasha. Alikuwa anakula bisi za mchele kutoka kwenye gazeti.

"Umewaandikia?"

"Nimewaandikia yote."

"Kuandika unajua, shemeji," alisema, akapuliza filimbi.

Bwana Pramanik alikuja Safu Saba baada ya majuma mawili, barua yangu ikiwa ndani ya faili. Aliagiza niitwe. Tulisimama kwenye uchochoro mbele ya nambari kumi na nne, moshi ukitoka ardhini kando ya viatu vyake, na majirani wakatoka wote.

"Mama, nakuheshimu," alisema, "lakini barua kama hii nimeletewa thelathini. Tangu orodha ibandikwe, kila nyumba imekumbuka ndugu. Nibaran huyo yuko wapi?"

Alikuwa kwenye pampu ya maji, hatua thelathini hivi kutoka kwetu, ametugeuzia mgongo, anajaza ndoo. Lokkhi alitaka kumwita, ofisa akainua mkono.

"Mtu yeyote asiseme. Nitamwita mwenyewe." Akapaza sauti. "Nibaran Hazra!"

Nibaran aliendelea kupiga pampu.

"Nibaran Hazra!"

Hakugeuza hata sikio. Mara ya mwisho kuitwa hivyo hadharani alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama mkwe, ambaye peke yake aliendelea kumwita hivyo, alikuwa amekufa zamani, na mume wangu alimwita "mdogo wangu".

"Mtu wa miaka hamsini na tisa hajui jina lake," alisema Bwana Pramanik. Hakusema kwa ukatili. Alifunga faili na kuanza kuifunga kamba.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumweleza, na nilijua kuwa ameshaletewa yote na nyumba thelathini. Kilichobaki hakikuwa maelezo. Watu wa Safu Saba walikuwa wananitazama, wanawake walionitetea uwanjani wakiwa mstari wa mbele. Nikaita kwa sauti niliyokuwa nikiwaitia wasichana kutoka mwisho wa uwanja.

"Bhuban!"

"Nipo!" alijibu palepale, amenyooka, kama wanavyoitika mdomoni mwa shimo wakipewa taa. Halafu akageuka, akaona ni nani aliyeita. Ndoo ikamponyoka.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alijifunika mdomo kwa kiganja. Bwana Pramanik alimtazama Nibaran, akanitazama mimi, akafungua tena kamba ya faili.

Nambari kumi na nne imeandikwa upya. Pana jina la Nibaran Hazra, na mbele yake sentensi nne za yale ambayo nyumba yetu ilifanya, zenye sahihi yangu chini. Juma lililofuata nilipita shule ya wavulana. Picha ilikuwa imeondolewa, msumari umebaki. Mwanangu Tuli alipiga simu kutoka Durgapur. "Mama, baba alikukosea nini?" aliniuliza, na hakungoja jibu. Mjini wako wanaosema nilimwuza mume wangu kwa ajili ya chumba, na wako wanaosema ningemwacha shemeji azame kama nisingesukumwa. Hawa wa pili sina la kuwajibu.

Nibaran anakaa sasa majengo mapya, ng'ambo ya kivuko cha pili cha reli, ambako basi halifiki. Anatembea dakika arobaini kwenda kwenye kibanda chake. Ukuta wake hauna ufa. Hajanishukuru, na sikutazamia. Siku aliyohama alinibebea mlangoni sahani ya shaba ya mama mkwe, akasema hana pa kuiweka. "Mume wako sasa amebaki na jina lake lote," aliniambia. "Mimi nimeshalizoea miaka arobaini, shemeji. Ungeniuliza kwanza kama nataka kulirudisha."

Jumapili nyingine huja kula, nyingine haji. Ninapompakulia namwita shemeji tu. Yale majina mawili, moja siwezi kulirudia, na lingine yeye bado halisikii.