Mtoto wangu alikuwa anarudi kutoka daycare akiwa hana harufu

Niaje wakuu. Mimi huwa msomaji tu hapa, nasoma, nacheka, naenda zangu. Leo nina yangu, na sitaongeza chumvi, kwa sababu vile ilivyo inatosha.

Naishi Kariobangi na nafanya kazi kwa kiwanda cha plastiki pale Baba Dogo. Mzee wangu ni dereva wa lori, mara nyingi yuko safari. Mtoto wetu wa kwanza anaitwa Kyalo. Haya yalipoanza ndiyo alikuwa amejua kukaa bila kuegemezwa.

Shida yake ilikuwa ngozi.

Mashavu yalikuwa yamekauka kama magamba. Nyuma ya magoti na kwa mikunjo ya viwiko kumepasuka, kunatoa majimaji. Alikuwa anasugua uso kwa shuka mpaka asubuhi napata vitone vya damu.

Nimejaribu sabuni zote mnazojua. Ile ya pinki yenye picha ya mtoto anacheka. Ile ya dawa inayonuka hospitali. Ya mwarobaini, niliambiwa na mama mkwe kwa simu. Kliniki walinipa cream, ikatuliza kidogo, ikaisha, tukarudi palepale. Hakuna mtu aliniuliza namuogesha na nini, na mimi sikujua ni swali la kuuliza.

Nikabaki na ile ya pinki. Ilikuwa inanukia vizuri, na mimi nilikuwa naamini mtoto akinukia ametunzwa.

Kazini lazima niende, kwa hivyo Kyalo alikuwa anashinda daycare kwa Mama Nekesa, ploti ya pili kutoka kwetu. Mama Nekesa ni mtu wa Bungoma, mtu mzima, mpole, anaogopa Mungu. Chumba chake kina mikeka, watoto, na pazia la kitenge huko nyuma.

Jioni moja nikamchukua mtoto, nikamweka kifuani nikamnusa vile huwa nafanya.

Hakunuka chochote.

Sijui nieleze vipi. Mtoto wa daycare lazima anuke kitu. Maziwa, uji, moshi wa jiko, hata jasho la mwenye amembeba. Na asubuhi nilikuwa nimemuogesha na ile sabuni ya pinki, hiyo harufu huwa inakaa siku nzima. Sasa ilikuwa imetoka yote. Ilikuwa ni kama nimebeba mtoto ambaye hajawahi kushikwa na mtu.

Na ngozi ilikuwa laini.

Nikamuuliza Mama Nekesa kama amemuogesha. Akasema yeye haogeshi watoto wa wenyewe, na maji yenyewe ya mtungi atayatoa wapi. Lakini alijibu akikunja nepi ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Ikaendelea hivyo. Kila jioni mtoto hana harufu, na kila jioni ngozi imepona kidogo zaidi. Wikendi nikikaa naye mimi, nikimuogesha kwa mikono yangu, Jumapili jioni anajikuna tena. Jumatatu akienda, anarudi ametulia.

Wenye mtasema ningefurahi, sikatai. Lakini jiwekeni kwa nafasi yangu. Mtoto anaumia akiwa kwangu, anapona akiwa na mtu nisiyemjua. Nilianza kuogopa kumshika.

Halafu kukatokea ya ngazi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, nashuka na Kyalo mgongoni. Kuna fundi alikuwa anarekebisha bomba huko chini, na mwenzake akamuita kutoka juu: Barasa.

Kyalo akageuka. Nilisikia mwili wake wote ukigeuka kwa leso. Akacheka kile kicheko cha mtoto ameitwa na mama yake.

Nikasimama pale kwa ngazi. Nikamuita Kyalo, polepole. Hakunitazama, alikuwa bado anatafuta ile sauti.

Nikangoja yule fundi aende, halafu nikasema mimi mwenyewe, kwa sauti ya chini: Barasa.

Mtoto wangu akanilalia shingoni, ametulia kabisa.

Jumatatu nikaomba supavaiza ruhusa nikatoka wakati wa lunch. Pale daycare watoto walikuwa wamelala kwa mikeka. Nikatafuta wangu kichwa kwa kichwa. Hakuwepo. Mama Nekesa alikuwa mlangoni na sufuria ya uji, akaniona, akakaa chini kwa stuli.

Nyuma ya pazia kulikuwa na maji yanamwagika.

Nikafungua. Kulikuwa na mwanamke kijana amechuchumaa mbele ya beseni, amenipa mgongo. Mkono mmoja umeshika shingo ya Kyalo, mwingine unamwagia maji kwa kikombe, taratibu sana. Akasema, "Barasa, funga macho."

Kyalo akafunga macho.

Kando yake kwa kitanda kulikuwa na sweta ya manjano ambayo si yetu, imetandazwa, mikono imenyooshwa, inangoja mtoto.

Nikasema, "Huyo anaitwa Kyalo."

Hakushtuka. Hata hakugeuka. Akasema, "Najua, mama. Niache tu nimalizie mafuta."

Na wakuu, nikamwacha. Sijui ni kwa nini. Nilisimama hapo nikamwangalia akimpaka mtoto wangu mafuta kutoka kisigino mpaka kichwa, na hakuna pahali alipasahau. Akaacha ile sweta, akamvalisha nguo zake. Halafu akanipa.

Mama Nekesa akanieleza akilia. Huyo ni dada yake mdogo, anaitwa Naliaka. Alikuwa na mtoto, Barasa, ngozi yake ilikuwa kama ya Kyalo. Barasa aliugua kifua na akaaga dunia. Mama Nekesa akamleta Nairobi asikae peke yake. Tangu afike alikuwa amelala tu akiangalia ukuta, hata chakula ni kulazimishwa. Siku moja akasikia Kyalo analia kile kilio cha kuwashwa, akaamka mwenyewe, akafungua sanduku lake. Sabuni ya Barasa ilikuwa bado huko. Mama Nekesa alinyamaza kwa sababu dada yake alikuwa ameanza kula.

Nilichukua mtoto nikaenda. Nikamwambia Mama Nekesa hataniona tena.

Nikakaa nyumbani, kazini nikadanganya niko mgonjwa. Nikazunguka kwa chemist nikiulizia sabuni haina harufu. Wananiletea za marashi, wananiambia hii ndio watu wananunua. Kyalo akarudi kupasuka nikimwona hivi.

Mlango ukagongwa asubuhi moja. Alikuwa Naliaka. Hakuingia. Alikuwa amebeba ile sabuni kwa karatasi, kipande cheupe, hakina rangi wala marashi. Akaongea akiangalia sakafu: maji ya vuguvugu tu, yasiwe moto. Usimsugue na kitambaa. Mkaushe kwa kumgusagusa, umpake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Akasema daktari wa Barasa ndiye alimfundisha.

Kyalo alikuwa kwa mkono wangu. Akamnyooshea mikono yote miwili. Yule msichana akafunga macho.

Nikamwambia aingie. Nikamwambia pia, "Hapa kwangu utamuita Kyalo."

Alijaribu, midomo ikakataa. Nikaweka maji kwa moto nikamngojea. Maji yalikuwa yamepata joto wakati alilisema hilo jina, na mtoto hakugeuka. Akalisema tena. Na tena. Alilisema mpaka Kyalo akamtazama, na hapo ndipo akalia, nafikiri kwa mara ya kwanza tangu azike.

Kwa wenye wana watoto wa ngozi kama hii: acheni marashi. Mtoto msafi si lazima anukie. Sabuni iwe haina marashi wala rangi, jaribu kidogo kwa mkono wake kwanza, na kliniki usingoje kuulizwa, sema mwenyewe unatumia nini. Kyalo sasa yuko poa.

Lakini sijamaliza. Naliaka huja Jumapili baada ya kanisa kumuogesha, na mtoto hulala kwa mapaja yake. Mzee wangu hajui, na anarudi mwisho wa mwezi. Huwa nawaangalia kutoka jikoni. Mtoto akishasinzia, midomo ya Naliaka husogea bila sauti, anamuita.

Sijui anaita jina gani. Sijawahi kuuliza.

Mzee nimwambie nini? Na nyinyi kina mama, mngemfungulia huyu mlango? Niambieni ukweli, hata ukiwa mchungu. Nasoma zote.