Taa Mbili Nyuma ya Nyasi

Niliondoka Kitengela kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Alikuwa mtamba mwekundu, jina lake Nanyokie. Nilimpata kwa kumjengea Mama Naserian wa Mashuuru boma la miti. Alinipa mtamba huyo awe wangu, lakini nikamwacha kwake, kwa sababu kwenye ploti tunayopanga hakuna nafasi hata ya kuku. Mwaka ule mvua ilikataa. Mama Naserian akatuma mtu aniambie: Nanyokie hasimami asubuhi mpaka ainuliwe. Lete nyasi.

Mjomba wangu Wafula alikuwa na pikapu na trela. Alikubali twende, maana Mama Naserian alitaka nyasi za ng'ombe wake pia. Lakini trela haikuwa na taa za nyuma. Mjomba alizivunja zote mbili akirudi kinyumenyume kwenye geti la kanisa, siku ileile pasta alipoiombea hiyo trela.

"Imeombewa," alisema. "Tutaenda na tutarudi."

Mimi si mtu wa maneno. Nikiongea na mtu namtazama viatu. Siku hiyo nilitazama viatu vya Mjomba nikasema, "Dereva atakayekuwa nyuma yetu hakuwa kwa hayo maombi."

Alicheka, akaniacha nifunge taa. Dukani walikuwa na za lori tu, kubwa kama sahani. Nilitoboa bati upya, nikavuta nyaya, nikakwangua rangi ya trela mpaka chuma kikang'aa pale waya wa kurudisha umeme unapofungwa. Juu ya rangi taa haiwaki. Mjomba akakanyaga breki, zikawaka zote mbili. Tukaondoka.

Isinya, kwenye ghala la kununua nyasi, tulifika jua likiwa kichwani. Wapakiaji wa huko wana namna yao. Wakijaza trela, hawaachi hapo. Marobota mengine huyaning'iniza kwa kamba nyuma, nje ya mlango, ili safari moja ibebe nyingi. Walifanya kazi haraka huku wakiimba. Walipomaliza nilizunguka nyuma kuangalia. Sikuona taa. Kulikuwa na ukuta wa nyasi.

"Taa zimefunikwa," nilimwambia Mjomba.

"Ziko hapo ndani. Zinajua kazi yake."

Wapakiaji wakaangua kicheko. Mmoja aliyevaa kofia ya sufu akasema, "We msee, hii ni nyasi, si disko. Ng'ombe watakula bila taa."

Nilitamani ardhi inimeze. Badala yake nilienda nikakalia kile chuma kinachounganisha trela na pikapu.

"Toka hapo," Mjomba alisema.

"Sitoki."

"Kijana, tukichelewa giza litatukuta kwa barabara ya murram. Anayekufa huko ni ng'ombe wako, si wangu!"

"Najua."

Nilijua sana. Nilimwona Nanyokie akilala ubavu huku mimi nimekalia chuma. Lakini pia nilijua kwamba lori la nyuma litatukuta katika giza hilohilo analolisema. Sikutoka.

Mjomba alizunguka pikapu, akapiga teke gurudumu, akarudi. "Haya, fanya unachofanya."

Nilifungua taa zote mbili. Nikaomba ubao ghalani, nikazipigilia juu yake, nikaufunga ubao kwa nje, juu ya marobota ya nyuma. Nyaya hazikufika. Niliingia ndani ya pikapu nikachomoa waya wa spika za redio.

"Hata redio?" Mjomba aliuliza.

"Hata redio."

Yule wa kofia ya sufu hakucheka tena. Alinishikia ubao nilipokuwa nafunga, lakini hakuacha mdomo wake: "Mzee, huyu atakufungia taa hata kwa mgongo."

Kazi hiyo ilikula alasiri yote; Kajiado mjini tulipita jua likizama. Huko Mjomba alinunua mkate na maziwa, akanipa nusu bila kunitazama. Kisha tukaacha lami.

Barabara ya Mashuuru ilikuwa vumbi tupu. Mbele yetu mifugo ilikuwa ikivuka, na Mjomba akasimama ghafla. Nyuma nikasikia breki za gari kubwa zikilia, kisha mawe yakigonga bati la trela yetu. Nilishuka mbio. Lori la kubeba ng'ombe lilikuwa limesimama karibu sana, hata ningeweza kushika ubao wangu kwa mkono mmoja na bampa yake kwa mkono mwingine.

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Nani aliweka taa juu ya nyasi? Nilidhani ni baa!"

"Ni mimi," nilisema.

"Ulevi gani huo?" Akapandisha kioo.

Mjomba alingoja mifugo iishe kuvuka, kisha akaondoa gari.

Tulifika usiku umeingia. Mama Naserian alitoka na tochi. Niliinamisha kichwa akakigusa, kama wafanyavyo vijana wa huko. Hakungoja niulize.

"Nanyokie amekufa," alisema. "Jua likizama."

Mjomba alivuta pumzi. "Mama, tungefika mapema. Huyu ndiye alituchelewesha Isinya. Mambo ya taa."

Wote walinitazama, Mama Naserian, binti zake, na wachunga ng'ombe wawili waliotoka naye. Sikuangalia viatu vya mtu.

"Ndiyo," nilisema. "Ni mimi."

Mama Naserian alipeleka tochi nyuma ya trela, akaukagua ule ubao. "Wewe umefika?"

"Nimefika."

"Mjomba wako amefika?"

"Amefika."

"Basi shusha nyasi. Wengine bado wako hai."

Nilishusha. Robota la kwanza nililipeleka kwa ng'ombe ambao si wangu hata mmoja. Walikula kwa sauti, nami nililia kwa sababu kulikuwa na giza na hawakuona.

Asubuhi tulirudi trela ikiwa tupu. Mjomba aliendesha polepole. Tukikaribia Isinya alisema, "Redio utaifunga lini?" Nikamwambia kesho, na nikaifunga.

Nyinyi ndugu zangu mlio nyumbani mmeniuliza nilijifunza nini huko. Sikujifunza kunyamaza, hilo nilikuwa najua tayari. Nilijifunza kwamba unaweza kufanya jambo la haki na bado ukapoteza ng'ombe, na jambo likabaki la haki. Na nilijifunza kazi. Sasa mtu wa Kitengela akiniletea trela nimfungie taa za nyuma, namwambia aende kwanza apakie mzigo wake kama anavyoupakia siku zote, ndipo aje. Wengine hukasirika, husema nawapotezea siku. Nawaachia funguo za gari zao mezani, anayetaka kuondoka aondoke.