Anwani Mbili Zilizofanana

Wakati huo nilikuwa nikiwaandikia programu akina mama wa Otonglo wanaosuka vikapu kwa magugu ya ziwani. Wateja wao wa ng'ambo walitaka kulipa kwa sarafu za kidijitali, kwa hiyo programu ilipaswa kumtengenezea kila mteja anwani yake mpya, mstari mrefu wa herufi na tarakimu, ili pesa ikiingia tujue imetoka kwa nani.

Siku ya kuwaonyesha, stima ilipotea nikiwa nimemaliza anwani ya kwanza tu, kompyuta ikazimika. Iliporudi, nikaendelea na mteja wa pili.

Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, alikuwa akinakili kila anwani kwenye karatasi. Nilimwambia hakuna haja, lakini hakuacha. Mara akavua miwani.

"Baba, hii si ndiyo ile ya kwanza?"

"Haiwezekani, Mama. Kila moja ni tofauti."

"Basi soma."

Nikasoma herufi moja moja, naye akifuata kwa kidole. Zilifanana hadi mwisho. Programu haikuwa ikikumbuka anwani ilizokwisha kutoa, na ilipowashwa upya ilianza tena na ileile.

Niliona aibu. Nikakaa palepale kuirekebisha, wao wakiendelea kusuka na kuzungumza Kijaluo. Kisha tukaizima na kuiwasha mara tatu, na kila mara mwenyekiti akalinganisha mwenyewe; hakuna anwani iliyojirudia.

"Sasa watumie wateja anwani zao," akasema.