Kidonda cha Amour Mpika Halua

Amour amepika halua Mji Mkongwe miaka thelathini na nane, na haijapata kuepuliwa sufuria kabla hajaipitisha halua ulimini. Ndiyo maana kidonda kilipomtoka ubavuni mwa ulimi, alikisingizia halua. Wiki ya kwanza kaungua, mwezi wa pili bado kaungua, mpaka mkewe, Bi Radhiya, akamwambia hajapata kuona moto unaounguza mtu miezi miwili pahala pamoja.

Hospitali wakamkata kipande kidogo cha nyama ya kidonda, wakakipima. Saratani. Daktari Lamya, binti wa umri wa kitinda mimba wake, alimweleza kwa upole kuwa bado ni changa: atakatwa, kisha atakwenda Dar es Salaam kupigwa mionzi. Ila sigara aache leo leo.

Amour hakubisha, alitaka kujua tu. Kwamba sigara huenda ndiyo iliyomletea kidonda, hilo lilimwingia.

"Lakini kuumwa nshaumwa, mwanangu. Nikivuta moja sasa, hiyo mionzi itajuaje?"

Daktari akamuuliza moto wa jikoni kwake hufa vipi. Akajibu kuwa ukiukosesha hewa hufa, kuni ziwe kavu namna gani. Basi mionzi nayo, akaambiwa, hufanya kazi vizuri damu ikiwa na hewa ya kutosha, na moshi huipunguza hewa hiyo. Jeraha la mvutaji nalo hukawia kupona, na saratani humrudia kwa wepesi zaidi.

Akarudi nyumbani akiwaza. Mwezi wa Ramadhani yeye huyu huyu hukaa kutwa bila sigara, na mkono wala haupapasi mfuko. Ni nini basi kinachouzuia? Akaona ni nia. Kwa hiyo kila alfajiri akawa anaitia nia, kama mtu anayefunga, na akafanikiwa.

Siku ya tisa alirudi kwa daktari na mkewe, kifua mbele, akafunua kinywa. Kilikuwa chekundu.

"Hii nini, mzee wangu?"

"Tambuu tu. Haina moshi hiyo."

"Ndani mna nini?"

Akataja jani, chokaa na popoo, kisha sauti ikashuka. "Na tumbaku. Kijipande."

"Na mimi siku tisa nnamsifu kwa majirani," alisema Bi Radhiya.

Lamya hakucheka. Tumbaku ya kutafuna, alisema, huleta saratani ile ile, na popoo hata peke yake huileta.

"Popoo pia?" Amour alishangaa kweli, maana alikula popoo kila harusi aliyoalikwa. Kisha akauliza lile lililomkaa rohoni tangu mwanzo: ulimi utajua tena utamu?

Lamya hakumuahidi. Mionzi huondoa ladha, alisema, na kwa wengi hurudi pole pole. Asiyegusa tumbaku ana matumaini zaidi.

Amour akatoa kijaluba chake cha tambuu, akamwaga vilivyomo kwenye ndoo ya taka, akakirudisha mfukoni kitupu. Jioni, akikoroga halua, alikitia punje za iliki. Asubuhi ya kukatwa kilikuwa bado mfukoni, nacho kilinukia iliki tu.