Mistari ya Penseli Chini ya Randa

Kusugua randa ni kazi yangu hapa nyumbani, na sijui ni nani aliyeipanga hivyo. Mume wangu ni seremala, mimi ni mkulima wa mahindi na mihogo. Lakini tangu nilipoolewa hapa Nyarero, randa yake ya chuma ikianza kukataa mbao naletewa mimi, pamoja na msasa. Anasema mikono iliyolelewa Ringwani kwa kusaga mtama kwenye jiwe haichoki kwenda mbele na kurudi nyuma. Mimi humjibu kwamba mvivu hakosi sababu.

Namna ya kuinyoosha alifundishwa Tarime mjini, na seremala mmoja mzee wa Kiislamu aliyetokea Tanga. Kabla ya hapo alifanya kama vijana wengi wa huku: aliipeleka randa kwenye jabali tunaponolea mapanga. Majabali hatujapungukiwa. Ila lile la mapanga limeliwa katikati miaka mingi, limebonyea kama sahani, na randa ikisuguliwa pale inatoka na kitambi. Yule mzee alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampa kipande cha kioo cha dirisha. Kioo hicho tunacho mpaka leo. Nimekifunga kwenye kitenge kilichochakaa, na ole wake atakayekigusa.

Kazi yenyewe ni hivi. Unalaza kioo mezani, unabandika msasa juu yake kwa uji mzito wa muhogo, unaacha ukauke. Unarudisha kisu cha randa ndani, unaigeuza, unachora mistari ya penseli uso wote wa chini. Unasugua kidogo, unatazama. Mistari ikifutika pembeni ikabaki katikati, ujue pamebonyea. Unaendelea mpaka yote iondoke. Penseli haimwonei mtu haya.

Mwaka huu, baada ya mavuno, jirani alituagiza meza. Mume wangu aliranda mbao mbili za kuunganisha, akazisimamisha pamoja, mwanga ukapita kati. Akaranda tena, na mwanga ukahamia upande mwingine. Alilaumu mbao, akalaumu jua, mwisho akanikabidhi randa akasema imepinda, nimsugulie.

Niliomba iwe imepinda kweli. Nilikuwa nimeshauona mkono wake wa kulia ukitetemeka na kikombe cha chai, nikajiambia ni baridi ya asubuhi. Kama randa ina kosa, itanyooka naye ataendelea kuwa fundi. Kama haina, basi kosa liko mahali ambapo msasa haufiki. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Kuku waliokuja karibu na meza siku hiyo wanajua.

Nilichora mistari, nikasugua, nikageuza. Ilikuwa imefifia yote sawasawa, mbele, katikati na nyuma. Nikachora upya, nikasugua, ikawa vilevile. Nikabadilisha penseli, kana kwamba penseli ndiyo mwongo. Nikakikasirikia kioo, nikamkasirikia hata yule mzee wa Tanga. Halafu nikaendelea kusugua chuma kisicho na kosa mpaka jasho likanitoka, ili mwenzangu aliyeko bandani asikie kwamba kazi inafanyika.

Nilikuwa nawaza nitamwambia nini. Watu wakikwepa hospitali mimi ndiye wa kwanza kuwaambia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni rahisi kuyasema hayo kwenye mji wa mwenzio.

Niliifuta randa kwa mafuta kidogo, nikampelekea. Alikuwa amekaa kwenye benchi lake la kazi, mkono wa kulia ameubana katikati ya magoti. Nikamwambia imenyooka. Akapitisha kidole gumba chini yake, polepole, toka mwanzo hadi mwisho.

"Ilikuwa imepinda wapi?"

Nilikuwa nimeandaa neno "katikati".

"Haikuwa imepinda, mzee."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi.

"Najua. Niliipima kwa rula kabla sijakuletea."

Hasira zikanipanda. Nikamuuliza kwa nini basi amenitoa jasho asubuhi yote kwa chuma kizima.

"Sikutaka kujua peke yangu, mama."

Nililia, sifichi. Yeye aliniacha nilie, na nilipomaliza tulikubaliana kwenda hospitali wiki ileile. Lakini meza ya jirani ilikuwa bado, na mbao zilikuwa mbele yetu. Akasimama, akaniweka mahali pake kwenye benchi, akasema nishike mimi, yeye ataelekeza. Nikamwambia watu watasema seremala wa Nyarero siku hizi anavaa gauni. Akasema waseme, wakikaribishwa kwenye hiyo meza watakula.

Nilisukuma. Maranda yalitoka vipande vipande, kama maganda ya muhogo uliomenywa kwa haraka. Akaokota kimoja kwa mkono wa kushoto, akakiinua kwenye mwanga, akakitazama kwa umakini aliokuwa akitazamia kazi ya wanafunzi wake wote, akakitupa chini.

"Rudia," akasema.