Miti Aliyopanda Baba Njiani

Baba yangu alikuwa askari, na kila alichokigusa kilipaswa kunyooka. Kambini Kasese, tulikokulia, njia zilipangwa mawe ya chokaa, na kando yake mimea ile yenye majani marefu ambayo Waganda huiita luwaanyi. Sisi watoto tuliijua kama pambo. Ukiikanyaga unachapwa, elimu yetu juu ya luwaanyi iliishia hapo.

Alipostaafu hakurudi kaskazini kwao. Alisema wanaomjua huko wote wako makaburini. Akanunua kiwanja Bwera, nyuma ya shamba la kahawa la mjane mmoja wa Kikonzo. Kiwanja chenyewe hakikugusa barabara. Yule mama akampa njia kandokando ya kahawa yake, pana ya kupita lori, kwa mdomo tu, mbele ya majirani. Na lori likapita kweli, likaleta matofali na mabati. Nani angetaka ushahidi zaidi ya huo?

Nyumba ilipokwisha, lori halikuja tena, na gari hatukuwa nalo. Nyasi zikaota, ikabaki njia ya miguu katikati. Vurugu ile ilimkera baba. Akaenda kambini, akarudi na vipande vya luwaanyi kwenye gunia, akavipanda safu mbili, huku na huku, akifuata nyayo zetu badala ya makubaliano. Alivuta kamba ili mistari isipinde, ila pale tu njia inapozunguka kona ya shamba. Yule mjane alisimama na jembe begani, akamtazama hadi mwisho.

"Afande, njia yako iko hii tu?"

"Iko hii tu, mama. Umeona ilivyonyooka?"

"Nimeona. Asante sana," akasema, akaenda zake.

Msimu uliofuata alipanda maharage hadi kwenye miti. Baba akasema yamependeza.

Bwera luwaanyi si pambo. Ukiipanda mbele ya jirani, naye akanyamaza, huo ni mpaka, na hakuna wa kuuliza tena. Huchaguliwa mmea huo kwa sababu haufi kwa urahisi. Mjane aliona mgeni anamrudishia ardhi yake, akamshukuru kwa adabu. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji alipona kweli. Mimi hasira yangu ni kwa majirani. Walipita pale kila siku wakimwamkia baba, wakamsifu kwa usafi, na hata mmoja hakumvuta pembeni.

Mjane alipofariki, wanawe walimuuzia shamba mfanyabiashara wa kusafirisha kahawa, Mwislamu kama sisi, anayeswali msikiti mmoja na baba. Wakati huo mama yangu alikuwa ameshapatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulilala, na tulikuwa tukimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi barabarani, gari limpeleke hospitali kufanyishwa mazoezi. Siku hizo za hospitali ndizo pekee alizokuwa akiuona mji. Alivaa kitenge kizuri na kuwasalimia wauza ndizi kwa majina yao. Kwa hiyo nilipoona mawe ya ukuta yanashushwa kwenye ile kahawa, moyo uliniruka. Ukuta ukifuata miti ya baba, mama amefungiwa ndani.

Akaitwa ofisa wa mipango wa mji. Alikuja na utepe wake wa kupimia, kijana mwenye heshima, sina la kumlaumu. Alieleza kwamba kanuni inataka kila kiwanja kiguse barabara, au kiwe na njia ya kupita gari, hata kama njia ni ya mtu binafsi. Nikashusha pumzi. Kisha akatazama zile safu mbili.

"Mzee, hii miti nani alipanda?"

"Mimi," baba akasema, kifua mbele.

Nilitaka kumziba mdomo. Yule mfanyabiashara alitikisa kichwa, na nadhani kweli alimhurumia.

"Afande, mimi sina mubaya na wewe. Lakini mutu anapanda mupaka yake mwenyewe, kesho anasema haiko mupaka? Watu beko hapa, waulize."

Watu waliulizwa. Midomo iliyofungwa miaka yote ile sasa ilifunguka: ndiyo, ni mpaka, afande alipanda mwenyewe, kwa kamba. Ofisa akasema makubaliano ya mdomo hawezi kuyapima, ila miti anaiona. Alimshauri baba amwombe jirani amwachie nafasi kidogo. Baba alijibu kwamba haombi chake. Nilimsihi jikoni, nikalia, nikamkumbusha mama. Nikaenda mwenyewe kumwomba yule bwana, naye akanijibu kwa upole kwamba angezungumza na baba, si na mtoto wa kike.

Ukuta ukajengwa kufuata miti, njia ikabaki uchochoro. Kiti cha mama kinaingia kwenye uchochoro, lakini kwenye kona hakigeuki. Tulijaribu kukiinamisha, tukajaribu kinyumenyume, magurudumu yakakwaruza mawe hadi mama akasema, "Basi, mutaniangusha."

Siku ya pili baba alichukua jembe akang'oa miti yote, mchana, watu wakitazama. Haikubadilisha kitu, maji yakimwagika hayazoleki. Alitupa vipande nyuma ya nyumba. Mvua ziliponyesha vikachipua kule kule vilikoangukia, na mizizi iliyobaki uchochoroni ikatoa majani mapya. Kila asubuhi anainama kuyang'oa, na kila wiki yanarudi.

Siku za hospitali sasa anambeba mama mgongoni, yeye mwenyewe, mzee yule mwenye magoti mabovu. Mimi hataki niguse. Natangulia na kanga na chupa ya maji, namsikia nyuma yangu anavyohema, bega likisugua ukuta. Juzi alisimama kwenye kona kupumzika, mama akiwa amemlalia shingoni. Pale chini majani mabichi yalikuwa yametokeza tena, safu mbili, yamenyooka.

Mama aliyatazama kwa muda.

"Afande," akasema taratibu, kwa ule mdomo wake uliopinda, "hii kitu ulipanda vizuri sana."

Baba alimpandisha mgongoni vizuri, akaendelea kutembea.