Ufundi wa Kupanga Ndoo ya Viazi

Mama anayeniuzia viazi hapa mtaani Rhonda huniibia kila Jumamosi, nami humtazama akiniibia kwa heshima zote. Ana mikono mizuri. Kiazi kirefu hukisimamisha, hakilazi, na katikati ya ndoo yake huacha nafasi ambayo paka angelala na kunyoosha miguu. Simwambii kitu. Ufundi huo niliusomea, tena kanisani, na cheti ninacho.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo nyumbani kwetu upande wa Molo. Kikundi cha vijana cha kanisa letu kilikuwa kinatafuta tenti. Ukitaka kuwajua Wakristo wa kwetu usiwaulize wanaamini nini, waulize tenti wanakodi kwa nani. Kanisa la ng'ambo ya mto lilikuwa na tenti mbili na viti vyeupe vya plastiki, na kila tulipopata harusi au msiba tulienda kukodi kwao, nao wakatuletea vitu hivyo kwa nyuso za huruma. Inauma kumzika mtu wenu chini ya jina la kanisa la wengine, limeandikwa kwenye tenti kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko jina la marehemu.

Basi wazee wakatoa viazi kutoka mashambani mwao, na sisi vijana tukapewa kazi ya kuviuza kwa ndoo kando ya barabara kuu kila Jumamosi. Mchungaji alituombea, kisha akatuhutubia kuhusu ujuzi tutakaoupata: kujieleza, kushirikiana, kujiamini. Alisema tutatoka pale tukiwa watu wengine. Hapo hakukosea.

Ujuzi wenyewe tulifundishwa na mwenyekiti wetu. Alikuwa anakaribia miaka thelathini na tano lakini bado alihesabiwa kijana kwa sababu hakuwa ameoa, na alivaa koti la suti hata akibeba gunia. Siku ya kwanza alituketisha nyuma ya meza akatuonyesha. Vidogo chini. Virefu visimame wima ukutani mwa ndoo, vikiegemeana. Karibu na mdomo, viwili vitatu vilazwe kukingamana, viwe daraja. Juu ya daraja, vile vikubwa vya kupendeza, vimepangwa mpaka vifanye kilele. Mteja akiona kilele anadhani anapendelewa.

"Na sasa hapa ndio kuna siri," alisema. "Ukimaliza kummwagia, mwongezee vitatu. Watu wa Nairobi wanapenda kuongezewa. Hata haangalii ndoo tena, anaangalia mkono wako."

Hivyo vitatu vilikuwa vya mteja tangu mwanzo, pamoja na vingine kama kumi tulivyobaki navyo. Tulikuwa tunampa mtu zawadi kutoka mfukoni mwake mwenyewe, naye anasema asante, Mungu awabariki. Msichana mmoja aliuliza kama hiyo si dhambi. Mwenyekiti akamjibu kwamba dhambi ni kupima vibaya, na sisi hatupimi, sisi tunapanga.

Wenzangu walijaribu, vilele vyao vikaporomoka. Changu kilisimama. Mwenyekiti alizunguka ndoo yangu mara mbili, mikono nyuma, akaita wengine waje waone. Kuanzia hapo sikubeba gunia tena. Mimi nilikuwa fundi.

Lazima niseme jambo kuhusu nyumbani ili mnielewe. Baba alikuwa dereva wa lori, na maisha yake mengi aliyamaliza akiwa ameegesha kwenye kituo cha malori cha Mai Mahiu. Dada yangu alikuwa chuo kikuu, na picha yake ilikuwa ukutani. Niliyebaki na Mama ni mimi, na Mama hakuwa mtu wa kusifu. Katika nyumba ile aliyewahi kusifiwa kwa sauti ni ng'ombe peke yake. "Huyu ana akili," Mama alikuwa akimwambia kila asubuhi akimkamua, na mimi nimesimama pale na sufuria ya maji moto, nikimwonea wivu mnyama. Nilitaka sana, kuliko hata kupita mtihani, siku moja Mama aniambie kwamba kuna kitu ninachokiweza.

Kwa hiyo nilirudi nyumbani kila Jumamosi nikijisifu. Nilimwambia mimi ndiye ninayeuza kuliko wote. Nilimwambia mwenyekiti amesema nina kipaji. Sikumwambia kipaji cha nini. Mama aliguna tu, akaendelea kumenya.

Jumamosi ya nne alikuja.

Nilikuwa namhudumia mwanamke mmoja aliyeshuka kwenye gari kubwa, miwani ya jua kichwani ingawa mawingu yalikuwa yametanda.

"Hii ndoo si utanipunguzia, sweetie?"

"Mathe, bei ni ya kanisa, siwezi guza. But nitakuongezea."

"Ongeza kabisa, nimetoka mbali."

Nilimwaga haraka nikimuuliza habari za barabara, nikamwongezea vitatu, cha nne nikakitupia kwa mbwembwe. Alicheka kwa furaha. Nilipoinua kichwa, nyuma yake alikuwa amesimama Mama, kiondo begani, buti za zizini miguuni. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani.

Mwenyekiti alikimbia na koti lake. "Mama yetu, karibu sana! Wewe utapewa bei ya nyumbani."

"Naongea na muuzaji," Mama alisema. Kisha akaniuliza mimi, kana kwamba hatukunywa chai pamoja asubuhi, "Wewe msichana, ndoo ni pesa ngapi?"

Nilimtajia. Mbele yangu kulikuwa na ndoo moja tu iliyo tayari, na ilikuwa kazi yangu bora kuliko zote za siku ile. Nilinyoosha mkono niimwage kwenye kiondo chake.

"Usimwage. Nitaenda nayo hivyo hivyo. Ndoo nitairudisha."

Alilipa bei kamili, akakataa punguzo, akakataa kuongezewa, akashika mpini na kuondoka. Kutoka barabarani hadi kwetu ni mwendo wa robo saa, na njia inapanda mlima peupe, kwa hiyo nilimwona mpaka mwisho. Kila hatua ilitikisa ndoo kidogo. Alipofika penye daraja la mbao aliiweka chini abadilishe mkono, na nikaona kilele changu kimeinama. Alipoiweka chini mara ya pili, penye nguzo ya umeme, kilele hakikuwepo. Hakuangalia ndani. Hakugeuka kuniangalia pia. Mwenyekiti alinipiga bega akasema, "Umeona? Hata mathe wako ni customer." Nilitamani ardhi ipasuke immeze yeye kwanza, halafu mimi.

Nilichelewa kwenda nyumbani kadiri nilivyoweza. Nilimkuta jikoni, na ndoo ipo kando ya mlango, viazi vimeshuka vidole vinne chini ya mdomo. Aliniambia ninawe mikono, akaniwekea sahani.

Vilikuwa viazi vya kuchemsha, na kabichi kidogo pembeni. Lakini jamani, vile viazi! Vilikuwa vimesimama wima kuzunguka sahani, vimeegemeana, vingine vimelazwa juu kukingamana, na juu kabisa kimoja kikubwa kimekaa kama mfalme. Kuna jambo ambalo fundi mwenzangu ataelewa: kiazi kibichi ni kigumu, kinasimama. Kilichochemka kinateleza na kupasuka. Mimi nisingeweza. Nikaelewa papo hapo kwamba Mama naye aliwahi kusimama kando ya barabara fulani, na ndoo, na wateja, muda mrefu kabla yangu.

Nilikigusa cha juu kwa uma. Vyote vikaanguka, na chini yake hapakuwa na kitu, hata kabichi.

Mama alishika mwiko. "Nikuongezee?"

Nililia, sioni aibu kusema. Nililia na kiazi mdomoni. Aliningoja nimalize, kisha akaniongezea kweli, mpaka sahani ikajaa.

"Mkono unao," alisema, akiangalia sufuria. "Ile yako haikuegemea vizuri upande mmoja, lakini mkono unao."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo maisha yangu yote. Yakaja siku ambayo sikuwa na pa kuyaweka. Nilijua kwamba ni kweli, na kwamba alikuwa ananisifu kwa wizi, na kwamba yeye pia alijua.

Msidhani niliokoka. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na moyo uleule wa kupenda sifa, ila nilijaza ndoo. Nilivilaza virefu, nikaigonga ndoo chini mara tatu ili vishuke, nikaongeza juu. Mwenyekiti aliona, akanivuta kando.

"Manze, unatuharibia soko! Hizo ni waru za tenti, si viazi vya sadaka!"

Nilimwambia akitaka apange mwenyewe. Alijaribu, kilele chake kikamporomokea kwenye viatu. Kwa kuwa bila mimi hakuwa na ndoo ya kuonyesha, ilibidi anyamaze, ingawa alininunia hadi Pasaka. Viazi vilikwisha haraka kuliko zamani na tenti ikachelewa sana. Ilipokuja, ilikuwa ya mtumba, na jina la kanisa jingine lilikuwa bado linaonekana chini ya rangi yetu. Mchungaji alitupa vyeti vya ujasiriamali. Changu kimeandikwa kwamba nimeonyesha uwezo wa hali ya juu katika kuvutia wateja.

Mama alirudi barabarani mara moja tu, wiki kadhaa baadaye. Alipanga foleni nyuma ya watu wengine, buti zilezile. Zamu yake ilipofika alilipa, na mimi nikasogeza ndoo mbele yake, nikamwekea mpini upande wake, nikijua ataibeba yenyewe hadi nyumbani na nitasimama tena kuitazama ikipanda mlima.

Hakuigusa. Aliweka kiondo chini akakifungua mdomo.

"Mwaga," alisema.

Nilimwaga polepole ili aone vyote. Lakini alikuwa amegeuka upande mwingine, anaangalia malori yakipita.